Gia Otomatiki Yenye Herufi M: Namna ya Kuitumia Kwenye Miinuko na Miteremko ya Magharibi mwa Kenya

Gari la otomatiki likipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit nyuma ya trela lililobeba mzigo, dereva husikia jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni ubovu. Giaboksi huingia gia ya nne, injini inazidiwa, inarudi ya tatu, gari linapata nguvu kidogo, inaingia tena ya nne, na injini inazidiwa tena, hivyo hivyo kilomita baada ya kilomita. Huo si ubovu. Kompyuta inayoongoza giaboksi hutazama mwendo wa magurudumu na jinsi kanyagio la mafuta lilivyobonyezwa, lakini katika magari mengi tunayoendesha haioni trela lililo mbele, wala haijui kwamba mlima bado ni mrefu. Hali ya kubadilisha gia kwa mkono, ile yenye herufi M pamoja na alama za kujumlisha na kutoa, iliwekwa ili dereva anayeiona barabara aieleze kompyuta yale ambayo yenyewe haiwezi kuyajua.

Nimeona kwamba madereva wengi kati ya Nakuru na Kisumu hawaigusi kabisa herufi hiyo, na wachache wanaoigusa huitumia kwa kuharakisha gari tu. Ni hasara kubwa, kwa sababu sisi tunaishi mahali ambapo safari ya asubuhi moja inaweza kumtoa mtu Nakuru, penye mwinuko wa mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ikampandisha kwenye nyanda za juu za Mau, kisha ikamteremsha hadi Kisumu penye mita 1,130 hivi. Katika barabara za namna hiyo, herufi M ni kifaa cha usalama kabla ya kuwa kifaa cha kasi.

Unaomba, kompyuta inaamua

Jambo la kwanza la kuelewa, ambalo likieleweka mengine hufuata bila shida, ni kwamba dereva aliye katika M haishiki gia kama anavyoishika dereva wa gari la klachi. Mkono wa gia, au vibonyezo vilivyo nyuma ya usukani katika baadhi ya magari, hupeleka ombi tu. Kompyuta hulipima ombi hilo kwa kutazama mwendo wa gari, mizunguko ya injini na joto la mafuta ya giaboksi, halafu hulikubali, hulichelewesha au hulikataa. Ukiomba gia ya pili ukiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, utasikia mlio mfupi au utaona nambari ikiwakawaka kwenye dashibodi, na gia itabaki ilipokuwa, kwa sababu kukubali ombi hilo kungeizungusha injini kupita mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko yake. Ukiomba gia ya tano huku gari likitambaa kwa kilomita 20, utakataliwa vilevile. Na ukisahau kushusha gia unapoingia kwenye foleni ya Kondele, gari halitazimika kama lile la klachi, maana kompyuta huishusha gia yenyewe hadi ya kwanza kadiri mwendo unavyopungua.

Upande wa juu ndio usiofanana kutoka gari moja hadi jingine. Mshale wa mizunguko unapofika kwenye mstari mwekundu, magari mengine huingia gia ya juu yenyewe hata kama hukuomba, na mengine hubaki kwenye gia uliyoichagua huku injini ikikatiwa mafuta, hivi kwamba gari hugugumia na kupoteza nguvu ghafla. Vivyo hivyo, ukikanyaga mafuta hadi sakafuni ukiwa M, baadhi ya magari hushusha gia na baadhi hukaa kimya katika gia uliyoshikilia. Ni lazima ujue gari lako liko kundi gani kabla ya kuhitaji kulijua.

Kuna tofauti nyingine inayowapotosha hata mafundi. Katika baadhi ya magari ya Toyota, Land Cruiser Prado likiwa mfano mzuri, utaona herufi S badala ya M, na dashibodi itaonyesha S4 au S3. Nambari hiyo haisemi kwamba gari liko katika gia ya nne. Inasema kwamba gari limeruhusiwa kutumia gia zote kuanzia ya kwanza hadi ya nne, na kompyuta itaendelea kuchagua kati ya hizo kwa hiari yake. Dereva anayeomba S4 kwenye mteremko na kushangaa kwamba gari halishikwi hana sababu ya kulaumu giaboksi. Anapaswa kuomba S3, kisha S2, hadi asikie injini ikilizuia gari.

Mwelekeo wa mkono wa gia nao haufanani. Katika magari mengi, Subaru na Volkswagen yakiwemo, kusukuma mbele ni kupandisha gia na kuvuta nyuma ni kushusha. Mazda na BMW zimepanga kinyume: kusukuma mbele ni kushusha na kuvuta nyuma ni kupandisha. Kwa maoni yangu mpango huu wa pili una mantiki zaidi, kwa sababu dereva anayefunga breki mwili wake huelekea mbele, na hapo ndipo huhitaji gia ya chini. Hata hivyo, lililo muhimu ni kutazama alama zilizochorwa kando ya mkono wa gia kila unapoketi katika gari usilolizoea, hasa gari la kukodi au la kuazima kwa ndugu.

Kilichomo ndani ya giaboksi

Giaboksi ya kawaida ya otomatiki ina konvata ya torki, ambayo hupitisha nguvu ya injini kupitia mafuta, na gia halisi za meno. Hiyo ndiyo iliyomo katika Mazda Demio na Axela za kuanzia 2014 zenye gia 6, katika magari mengi makubwa ya Toyota, na katika mfumo wa Tiptronic ambao Porsche iliuleta katika 911 karibu mwaka 1990 na ukaizoesha dunia kwa alama za kujumlisha na kutoa. Konvata ina klachi ndogo ndani yake ambayo hujifunga ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza. Inapojifunga, utahisi gari limeshikwa vizuri ukiachilia mafuta. Inapofunguka, injini na magurudumu huachana kidogo na gari huteleza mbele kwa uhuru zaidi.

Aina ya pili, CVT, ni kitu tofauti kabisa. Ndani yake mna puli mbili zenye upana unaobadilika na mkanda wa chuma uliozizunguka, au mnyororo wa chuma kwa upande wa Subaru, na hamna gia hata moja ya kuhesabu kwenda mbele. Nambari 1 hadi 6 au 7 unazoziona katika M ni vituo ambavyo watengenezaji wamevipanga kwenye programu. Kwa hiyo usishangae zikibadilika kwa ulaini mkubwa, na usidhani kwamba kuzibadilisha mara kwa mara kunaongeza nguvu. Unapopanda mlima, CVT iliyo katika D huweza kupata uwiano ulio bora kuliko kituo chochote utakachochagua wewe. Faida ya M katika CVT iko kwenye kuteremka.

Magari mengi madogo ya Toyota yenye CVT hayana M. Yana S na B, na wamiliki wengi hawajawahi kuzitumia. S hii, isiyo ile ya Prado, huiweka injini katika mizunguko ya juu kidogo. B ni kwa ajili ya kulizuia gari kwa injini, na hiyo ndiyo herufi ya mteremko. Honda na Nissan nyingi huandika L kwa kazi hiyo hiyo, na magari ya zamani ya gia 4 yana kitufe kidogo kwenye mkono wa gia ambacho huizima gia ya nne. Katika gari la haibridi kama Toyota Aqua, B ina umuhimu wa ziada. Kwenye mteremko mrefu betri hujaa, na ikishajaa motori ya umeme haiwezi tena kulizuia gari kwa kuzalisha umeme, basi B huizungusha injini ibebe mzigo huo.

Aina ya tatu, yenye klachi mbili, ilianza kuuzwa na Volkswagen mwaka 2003 kwa jina la DSG. Klachi moja hushika gia zisizogawanyika kwa mbili na nyingine hushika zinazogawanyika, na gia inayofuata huwa imeshaandaliwa kabla hujaiomba. Ukiomba gia iliyoandaliwa, inaingia papo hapo. Ukiomba nyingine, utasubiri kidogo. Onyo langu kwa wenye magari haya ni moja tu: msiyashikilie magari yenu kwenye mwinuko kwa kubonyeza mafuta kidogo kidogo huku foleni imesimama, kwa mfano kwenye mlima wa Riat unapotoka Kisumu kuelekea Kiboswa. Tumieni breki. Klachi zinazosugana bila kushikana huungua, hasa zile kavu za giaboksi ya gia 7.

Lijue gari lako kwenye tambarare kwanza

Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu, asubuhi mapema siku ya Jumapili. Tambarare ya Kano kati ya Ahero na Awasi inafaa ikiwa haina magari mengi. Endesha katika D hadi kilomita 60 kwa saa, kisha usogeze mkono wa gia kwenye M bila kubonyeza kitufe cha kuufungulia. Huhitaji kukanyaga breki wala kuachilia mafuta, na kidole kikikaa mbali na kitufe hicho, katika magari mengi mkono hauwezi kuteleza hadi R kwa bahati mbaya. Soma nambari iliyotokea, kwa kuwa ndiyo gia uliyokuwa nayo. Sasa achilia mafuta kabisa na uhisi gari linavyopungua mwendo. Rudia mwendo ule ule, omba gia moja chini, achilia tena, na ulinganishe. Katika gari dogo la gia 6, gia ya tatu kwenye kilomita 60 huuweka mshale wa mizunguko karibu na 3,000, nayo injini itasikika. Sauti hiyo ni ya kawaida. Injini ya petroli ambayo mstari wake mwekundu uko juu ya 6,000 inaweza kuzunguka hivyo kutwa nzima bila kudhurika.

Kisha funga breki taratibu hadi gari lisimame na utazame nambari zikishuka zenyewe. Ukiwa umesimama, jaribu kuomba gia ya pili. Mazda na Subaru nyingi hukubali kuondoka na ya pili, jambo litakalokufaa kwenye matope. Mwisho, ukiwa na nafasi ya kutosha mbele na nyuma, kaa katika gia ya pili na uongeze mafuta hadi mshale ukaribie mstari mwekundu, ujue kama gari litapandisha gia lenyewe au litagugumia. Baada ya hapo hutakuwa unabahatisha.

Kupanda

Hewa ya nyanda zetu za juu ni nyepesi. Karibu na mita 2,500, shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban robo ya nguvu zake. Huko Timboroa, ambako barabara hupita mita 2,700, hupoteza zaidi kidogo. Gari ambalo katika nchi ya chini lingepanda kwa gia ya nne huhitaji ya tatu hapa, na kompyuta inayopapasa kati ya hizo mbili huipasha giaboksi joto bure.

Tiba yake ni nyepesi. Giaboksi ikishabadilisha gia mara mbili tatu kati ya zile zile, sogeza kwenye M, chagua ile ya chini, na ukae nayo hadi mlima uishe. Mizunguko kati ya 2,500 na 3,500 inafaa kwa injini nyingi ndogo za petroli. Usijaribu kupanda kwa gia ya juu na mafuta yaliyokanyagwa hadi mwisho kwa imani kwamba unaokoa petroli. Injini itatetema, konvata itafunguka na kuteleza, na joto litaishia kwenye mafuta ya giaboksi.

Kuhusu kupita gari lililo mbele, ushauri wangu ni wa tahadhari. M ina faida ya kukuandaa: ukishuka hadi gia ya tatu kabla ya kutoka nyuma ya trela, nguvu iko tayari na hungoji kompyuta ifikirie. Lakini dereva aliye katikati ya kupita, macho yake yakiwa barabarani kama inavyopasa, anaweza kufika kwenye mstari mwekundu bila kujua, na gari linalokaa kwenye gia likakatiwa mafuta wakati ambapo basi linakuja upande wa pili. Kwa hiyo andaa gia kwa M, kisha ukianza kuongeza mwendo rudisha D na ukanyage mafuta kwa nguvu. Ukiyaendesha mambo hivyo, gia ya chini itabaki kwa muda unaouhitaji na ya juu itaingia yenyewe.

Kuteremka, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe

Chukua barabara ya kutoka Iten kupitia Tambach hadi bonde la Kerio. Gari pamoja na abiria wanne na mizigo yao huwa na uzito wa kilo 1,500 hivi, na kutoka ukingo wa juu hadi chini bondeni ni zaidi ya mita 1,000 za kushuka. Nguvu inayopaswa kuondolewa kwenye gari hilo ili lifike chini kwa mwendo ule ule lililoanza nao inatosha kuchemsha zaidi ya madebe mawili ya maji yaliyokuwa baridi. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na msuguano wa magurudumu. Inayobaki inapaswa kwenda kwenye breki au kwenye injini, na dereva ndiye anayechagua.

Breki zikibeba mzigo huo peke yake, padi hupata moto kupita kiasi na kuacha kushika, ingawa kanyagio ni gumu kama kawaida. Baya zaidi ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za selisiasi au zaidi, lakini hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yakishalowa kiwango chake kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyezeka, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Gari lililoagizwa likiwa na miaka saba, ambalo mafuta yake ya breki hayajabadilishwa tangu liondoke Japani, liko karibu na hali hiyo kuliko mwenyewe anavyofikiri.

Basi fanya hivi. Ukiwa bado juu, kabla barabara haijainama, punguza mwendo kwa breki hadi kilomita 50 kwa saa. Sogeza kwenye M na uombe gia ya tatu. Mshale utapanda kutoka kwenye 1,500 hadi kati ya 2,500 na 3,000, nawe utahisi kifua kikivutwa mbele kidogo. Toa mguu kwenye mafuta na uliache gari liingie kwenye mteremko. Ukiona mwendo unabaki pale pale au unapanda polepole sana, gia hiyo inatosha. Ukiona unapita 60 na kuendelea, kanyaga breki hadi urudi 40 na uombe ya pili. Kumbuka utaratibu huo: kwanza punguza mwendo kwa breki, ndipo ushushe gia. Dereva anayengoja gari lishike kasi kisha aanze kuomba gia ya chini atakataliwa na kompyuta wakati ule ule anapoihitaji.

Wazee wa barabara husema gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia, na kwa malori ya zamani walisema kweli. Kwa magari madogo ya siku hizi, ambayo injini zake zimetengenezwa ziwe na msuguano mdogo, mara nyingi utahitaji gia moja chini ya hiyo. Kwenye kona kali za Tambach ya pili ndiyo inayofaa magari mengi. Kwenye mteremko mpole wa kutoka Kericho kupitia Kapsoit hadi Awasi, ya nne au ya tatu hutosha, na kwenye ule wa Nandi Hills kwenda Chemelil utajikuta ukibadilisha kati ya ya tatu na ya pili.

Breki bado zitahitajika, ila ziwe msaidizi. Mwendo ukizidi, kanyaga kwa uthabiti kwa sekunde chache hadi upungue kwa kilomita 10 hivi, kisha achilia kabisa ili diski zipate hewa. Kuegemeza mguu kwenye breki mfululizo, hata kwa wepesi, huzinyima nafasi ya kupoa.

Kuna imani moja ambayo ni lazima isemwe waziwazi kwamba ni ya hatari. Wapo madereva wanaoweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Salgaa na Sachangwan zilijulikana nchi nzima kwa ajali za malori, na tabia hiyo ilitajwa tena na tena miongoni mwa sababu zake. Watu waliopoteza wapendwa wao hapo wako katika kila kaunti ya magharibi. Na hata hayo mafuta hayaokolewi. Injini ya kisasa inapozungushwa na magurudumu huku mguu haupo kwenye mafuta, kompyuta hufunga kabisa njia ya petroli hadi mizunguko ikaribie ile ya injini kutulia. Kipimo cha matumizi ya papo kwa papo, gari likiwa nacho, kitakuonyesha kwamba hakuna kinachotumika. Gari lililo katika nyutro, kinyume chake, linaendelea kunywa mafuta ili injini isizime. Anayezima injini kabisa ameongeza hatari juu ya hatari, kwa sababu baada ya kukanyaga breki mara chache msaada ambao injini huzipa breki huisha na usukani huwa mzito.

Barabara ikinyooka huko Biretwo, rudisha D. Ni rahisi kusahau, na gari litakimbia kwenye tambarare kwa gia ya tatu likila petroli bila sababu. Magari yenye vibonyezo nyuma ya usukani hurejea D yenyewe baada ya muda ikiwa mkono wa gia uliachwa kwenye D, na hilo lina upande wake mbaya: usitegemee vibonyezo hivyo peke yake kwenye mteremko mrefu. Weka mkono wenyewe kwenye M.

Kwenye mvua na udongo

Kericho hunyesha alasiri nyingi za mwaka, na barabara za udongo za Nandi na Kakamega huteleza kama sabuni baada ya mvua. Injini hulizuia gari kupitia magurudumu yanayosukumwa nayo tu, yaani ya mbele katika magari mengi madogo. Ukishusha gia mbili kwa mkupuo kwenye utelezi, magurudumu hayo yanaweza kupoteza mshiko na usukani ukakosa kazi. Shusha moja moja, gari likiwa limenyooka, kabla ya kona, na usishushe ukiwa ndani ya kona. Kuondoka kwenye matope, gia ya pili hupunguza nguvu inayofika kwenye magurudumu, ambayo hushika ardhi badala ya kuchimba.

Breki zikianza kukuacha

Dalili huja mapema: harufu kali ya kuungua, kanyagio linalohitaji nguvu zaidi, au linaloshuka chini kuliko kawaida. Ukiipata mojawapo, simama mahali palipo salama na ungoje nusu saa au zaidi. Usimwagie diski maji, kwa kuwa zitapinda au kupasuka.

Ikiwa gari halisimami, washa taa za hazadi, piga honi, na uombe gia ya chini mfululizo. Kompyuta itakataa, kisha itakubali mwendo ukipungua hata kidogo, hivyo usiache kuomba. Vuta breki ya mkono taratibu huku kitufe chake kimebonyezwa ili uweze kuiachilia magurudumu ya nyuma yakijifunga. Iwapo ni ya umeme, vuta kitufe na uendelee kukishikilia, kwani magari mengi hulichukua hilo kuwa ombi la breki ya dharura. Usizime injini na usiweke nyutro. Tafuta upande wenye mwinuko, nyasi au ukingo wa udongo.

Unaponunua na unapotunza

Mafuta ya giaboksi huzeeka kwa joto, na milima yetu ina joto la kutosha kuyazeesha. Kuyabadilisha kila baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000 ni gharama ndogo ikilinganishwa na kununua giaboksi nyingine. Yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mafuta ya CVT na ya giaboksi ya kawaida hayabadilishani, na fundi anayekuambia kwamba yote ni sawa usimwachie gari lako.

Unaponunua gari kwenye yadi, muuzaji atapenda ulizungushe kwenye lami tambarare kwa dakika tano. Mwombe, kwa adabu lakini bila kulegeza, akuruhusu ulifikishe kwenye mlima. Ukiwa unateremka, weka M au B na uachilie mafuta. Mizunguko inapaswa kupanda na gari kushikwa kwa wakati mmoja. Mizunguko ikipanda huku gari likiendelea kuteleza kana kwamba hakuna kilichobadilika, kitu kinateleza ndani ya giaboksi. Ukisikia mtikisiko mkali kila gia inaposhuka, au CVT ikivuma na kutetema mkanda unapobeba mzigo, lirudishe gari hilo yadini na utazame jingine.